Kolekteri ya inoksi kwa gari la turbo: mambo ya kujua mbele ya kulipa avanse

Kwenye barabara ya kitaifa namba 2, gari linalotoka Goma kwenda Rutshuru linapanda toka Kibati mpaka Kibumba, kisha linashuka kuelekea Rugari na Rumangabo. Ni kwenye mapando hayo shofere wengi wanasikia kwanza sauti ya tik-tik chini ya kapo. Nguvu inapungua, moshi mweusi unaongezeka nyuma, na harufu inaanza kuingia ndani ya gari. Mara nyingi kolekteri ya moshi imepasuka.

Hapo mwenye gari anaambiwa na fundi: "Tuagize ya inoksi, hiyo haipasuke." Maneno hayo ni ya kweli nusu tu. Inoksi nayo inapasuka, kama imekatwa vibaya ao kusudewa vibaya.

Kolekteri ni nini?

Ni kile chuma kilichofungwa kwa buloni kwenye kichwa cha motere, kinachokusanya moshi kutoka kila silinda na kuupeleka kwenye bomba moja. Kwenye motere ya turbo, moshi huo haupotei bure. Unapita kwanza kwenye turbo, unazungusha gurudumu lake dogo, na gurudumu hilo linasukuma hewa ndani ya motere. Turbo ndogo ya gari inaweza kuzunguka mara zaidi ya 100.000 kwa dakika moja. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905.

Kwa watu wa Kivu, turbo ni kitu cha lazima kuliko kwa watu wa pwani. Goma iko karibu metre 1.500 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu yake hapa. Ndiyo sababu wengine wanaweka turbo hata kwenye Land Cruiser za motere 1HZ, ile ya silinda 6 na litre 4,2, ambayo haikutoka kiwandani na turbo. Kwa kazi kama hiyo, kolekteri ya zamani haina mahali pa kufungia turbo. Ni lazima kuagiza ingine.

Chuma cha kiwanda ao inoksi?

Viwanda vingi vinatengeneza kolekteri kwa chuma cha kumimina kwenye forma. Ni kizito na kinene, lakini kinavumilia moto kwa miaka mingi, na kinabeba uzito wa turbo bila shida. Adui yake ni joto na baridi vinavyofuatana haraka: motere imewaka sana, gari linaingia kwenye dimbwi la maji, chuma kinapasuka.

Inoksi ni nyepesi na haishikwe na kutu haraka. Lakini inarefuka zaidi inapopata moto. Kipande cha inoksi cha sentimetre 50, kikipata joto la digri 600 zaidi, kinarefuka karibu milimetre 5. Chuma cha kumimina, kwa urefu ule ule, kinarefuka kati ya milimetre 3 na 4. Kama bomba limefungwa pande zote bila nafasi ya kucheza, nguvu hiyo yote inaenda kwenye mahali pa kusude, na ndipo panapasuka.

Kwa hiyo, kwa gari la kazi ambalo halikubadilishwa kitu, mara nyingi ni heri kutafuta kolekteri ya kiwanda, hata ya okazyo, yenye haijapasuka. Ufa mdogo unaweza pia kusudewa na bagete ya nikeli. Chuma kinapashwa moto kwanza, kinasudewa kidogo kidogo, kisha kinaachwa kupoa polepole ndani ya majivu ao mchanga mkavu. Kikisudewa na bagete ya kawaida na kumwagiwa maji, kinapasuka tena pembeni.

Inoksi si moja

Neno "inoksi" linaficha vyuma vingi. Ile inayojulikana zaidi ni 304, yenye karibu asilimia 18 ya kromu na asilimia 8 ya nikeli. Kuna 321, ambayo imeongezwa titani, inayovumilia zaidi moto wa muda mrefu. Na kuna 201, ya bei ya chini, inayotumika sana kwa milango na vishikio vya ngazi.

Watu wengi wanajaribu na sumaku: kama haishike, wanasema ni inoksi ya kweli. Jaribio hilo halitoshe, sababu hata 201 sumaku haiishike sana. Ulizia namba iliyoandikwa kwenye bomba, ao karatasi ya muuzaji.

Unene ni jambo la pili. Bomba la vishikio vya ngazi mara nyingi lina milimetre 1 ao zaidi kidogo. Kwa turbo, hiyo ni nyembamba mno. Mafundi wa kazi hii wanatumia bomba na kona zenye unene wa karibu milimetre 2,8, na sahani ya kufungia kwenye motere yenye milimetre 10 mpaka 12.

Vipimo vya kutoa

Kusema "ni ya Land Cruiser" hakutoshe. Kwa kila agizo, andika:

- namba ya motere (kwa mfano 1HZ, 1HD-T, 1KZ-TE), si jina la gari peke yake;
- turbo ya aina gani, na umbo la mahali pake pa kufungia: pima umbali kati ya tundu za buloni;
- turbo itakaa wapi, na mafuta yake yatarudi chini vipi;
- usukani uko kushoto ao kuume. Goma kuna magari ya aina zote mbili, na kolekteri inayoingia vizuri kwenye moja inaweza kugonga chuma cha usukani kwenye ingine;
- nafasi iliyobaki mpaka kwenye kapo, nyaya za umeme na mipira ya mafuta.

Njia nzuri zaidi ni kupeleka gari lenyewe kwa sudere, ao kumpa kichwa cha motere cha zamani na turbo. Atafunga sahani juu ya kichwa hicho wakati wa kusude, ili isipinde. Kisha sahani inasawazishwa tena kwenye mashine, sababu moto wa kusude unaipinda hata kama hauone kwa macho.

Kazi ya sudere

Inoksi inasudewa vizuri na mashine ya tigi na gazi ya argoni. Argoni inapaswa kupita pia ndani ya bomba. Bila hiyo, upande wa ndani unaungua na kutoa maganda meusi. Ganda moja, ao tone moja la chuma, likianguka kwenye turbo inayozunguka, linavunja majani yake. Mbele ya kupokea kazi, angalia ndani na tochi.

Mashine ya tigi inahitaji umeme usiyoyumba. Tangu mtambo wa Matebe kwenye mto Rutshuru uzinduliwe mwaka 2015, wenye uwezo wa megawati 13,8, masudere wengi wa Goma na Rutshuru waliweza kuacha jenereta.

Sudere naye anapaswa kujilinda. Moshi wa kusude inoksi una kromu inayoharibu mapafu. Afanye kazi mahali penye hewa.

Kama inatoka inje

Kolekteri inayotoka Dubai, Japani ao Ulaya inapita Mombasa ao Dar es Salaam, kisha barabara. Ongeza kwenye bei usafiri na dwane. Zaidi ya yote, kipande kisichoingia ni vigumu kukirudisha. Hapo kosa la milimetre 5 linaweza kula pesa yote.

Hatari ya kuchelewa

Moshi unaovuja mbele ya gari una monoksidi ya kaboni, gazi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Kichwa kikianza kuuma, usingizi na kichefuchefu vikishika watu ndani ya gari, simamisha, fungua milango, shusha wote, watoto kwanza. Tena, moto unaotoka kwenye ufa unaweza kuunguza mpira wa mazutu.

Ili kutambua ufa mapema, tafuta alama nyeusi ya masizi kwenye kolekteri wakati motere imepoa. Na kila mara baada ya kupanda na mzigo, acha motere ienguruma polepole dakika moja ao mbili mbele ya kuizima.

Mbele ya kutoa pesa

Omba devi iliyoandikwa: aina ya inoksi, unene, aina ya kusude, chuma cha kubebea uzito wa turbo, siku ya kumaliza, na nani atalipa kama kipande hakiingie. Toa avanse ya kununua vifaa tu. Iliyobaki, lipa wakati kolekteri imefungwa kwenye gari, motere imewaka mpaka imepata moto, na hakuna moshi unaovuja.