Punda barabarani na mbwa wasiofungwa

Katika nyanda za juu za Kericho na Bomet zikuzwazo majanichai, farasi ni nadra. Mnyama wa kubebea maji na maziwa ni punda. Njiani hukutana na mbwa walioachwa kuzurura. Akifukuzwa, punda hushtuka, akatimua mbio au kurusha mateke, na kumjeruhi anayemwongoza.

Hatari kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa, kiuacho punda na binadamu vilevile. Shirika la Afya Duniani husema mbwa huchangia hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu. Punda aliyeumwa, akianza kutokwa na mate na kushindwa kumeza, asitiwe mkono kinywani kwa kudhaniwa amekwamwa na chakula. Aitwe daktari wa mifugo.

Mtu aliyeumwa huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akaenda hospitali kuchanjwa siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno.

Mkakati wa Kenya wa 2014 unalenga kukomesha vifo hivyo kufikia 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Kumfunga mbwa hupunguza ajali; chanjo ndiyo huzuia kifo.