Goti Lililovunjika na Mfupa Uliopotea

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 tabibu wa Ulaya aliyeletewa mtu mwenye goti lililopasuka, mifupa ikitokeza nje, hakuwa na mashauri mengi: aliukata mguu ili aokoe roho, kwani usaha ukiisha kuingia kiungoni mauti huwa karibu. Kwa hiyo Joseph Lister alipothubutu mwaka 1877, mjini London, kupasua goti ambalo ngozi yake ilikuwa nzima, akafunga kwa waya wa fedha kilegesambwa kilichovunjika (wengi husema pia ya goti, mimi napendelea neno hili), jambo hilo lilihesabiwa kuwa ni kucheza na maisha. Mgonjwa alipona.

Lakini usafi haurudishi mfupa uliopotea. Erich Lexer wa Ujerumani alieleza mwaka 1908 jinsi alivyopandikiza kiungo kizima cha goti kutoka kwa mtu mwingine; baadhi ya viungo hivyo viliharibika baadaye.

Gavriil Ilizarov wa Kurgan, Siberia, tangu miaka ya 1950, alishika njia nyingine. Aliuzungushia mguu pete za chuma, akazifunga mfupani kwa nyaya nyembamba. Na palipo na pengo, mfupa hukatwa penye uzima, kipande kikavutwa polepole, kama milimita 1 kwa siku, na nyuma yake mfupa mpya huota. Gegedu la kiungo, hata hivyo, halioti hivyo. Likiisha kuharibika kabisa, pengine mifupa ya goti huunganishwa iwe mmoja, na mtu hutembea bila kulikunja.