Redio Iliyotazama Ngong

Juu ya paa la mjomba wangu Kitengela kuna kidude bapa cha plastiki, kidogo kuliko sahani ya ugali. Kimeelekezwa magharibi, upande wa vilima vya Ngong, ila kimeinuliwa sana, utadhani kinatafuta mvua. Wageni hudhani ni antena ya TV iliyoharibika. Wapi! Hiyo ni antena ya redio ya setilaiti, na nikiwa darasa la nne ndiyo iliyonionjesha pop ya dunia kabla sijajua intaneti ni nini.

Kampuni iliitwa WorldSpace. Noah Samara, mzaliwa wa Addis Ababa, aliianzisha Washington mwaka 1990. Tarehe 28 Oktoba 1998 setilaiti yake ya kwanza, AfriStar, ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Mwaka 1999 matangazo yakaanza. AfriStar ilikaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, usawa wa Kongo, ndiyo maana antena zetu zilitazama magharibi. Setilaiti moja tu, lakini mchungaji wa Il Bissil na mwenye duka wa Lagos wangeweza kusikia wimbo uleule, bila mikwaruzo.

Mle ndani kulikuwa na habari, dini, muziki wa Kiafrika, na kituo chetu sisi watoto: UPop. Vibao vya kudensi kutoka nchi mbalimbali, kimoja baada ya kingine. Kituo hicho kilisikika pia Marekani kupitia XM, kampuni ya redio ya setilaiti iliyoanza huko mwaka 2001. Kwa hiyo nikiwa Kitengela, ng'ombe wakipita nje ya geti, nilikuwa nasikiliza kituo kimoja na mtu anayeendesha gari Chicago. Hiyo ilinipa kichwa kikubwa shuleni, sikatai.

"Mjomba," aliniambia, maana ndivyo tunavyoitana, "weka hiyo UPop yako, lakini funga mlango. Mamako anasali."

Mbona basi wengi wenu hamkuwahi kuisikia? Kwanza bei. Redio zenyewe zilikuwa ghali mno kwa mwenye mshahara wa kawaida, halafu baadaye vituo vingi vikawa vya kulipia. Pili, antena ilitaka kuona anga wazi. Ukiingia ndani ya matatu, kwisha. Huko Marekani XM ilijenga minara ya kusaidia mawimbi mijini na ikaingia ndani ya magari mapya, GM ikiwa mmoja wa wawekezaji wake. Huku kwetu gari la wengi ni matatu, na matatu tayari ilikuwa na FM.

Tena FM haikuwa imelala. Capital FM ilikuwa hewani tangu 1996, Kiss 100 ikaja 2000. Mwaka 1999 Nameless alijulikana kupitia shindano la vipaji la Capital, na wimbo wake Megarider. Hapo ndipo naona tofauti yenyewe. Kituo cha angani kilikuletea nyimbo za dunia nzima, lakini wewe wa Kitengela hukuwa na mlango wa kubisha upeleke wako. FM ilikuwa na mlango, na askari wa kubembeleza pale getini.

Oktoba 2008 WorldSpace iliomba kinga ya mahakama Marekani dhidi ya wadai wake. Baada ya hapo vituo vikanyamaza. Mjomba hakuitupa redio, kwa sababu ilikuwa na FM ndani yake. Alibonyeza kitufe, akaendelea na maisha.

Miaka kadhaa baadaye, mimi na wenzangu wawili tulirekodi wimbo Isinya, kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro. Ulikuwa mbaya kiasi. Tulidensi juu ya biti inayofanana kabisa na zile za UPop, maana ndizo zilizokuwa kichwani mwangu. Tulichoma CD, tukapanda matatu hadi Nairobi, tukaiacha kwenye kituo kimoja. Wiki ya tatu, saa tano usiku, ikachezwa. Mara moja tu.

Mjomba alikuwa ameitoa redio nje kwenye ngazi, sauti imefika mwisho, majirani wamesimama na blanketi mabegani. Ilikuwa redio ileile ya setilaiti. Wimbo ulipoisha hakusema ni mzuri. Aliuliza, "Wamelitaja jina la Kitengela, ama nimesikia vibaya?"

Hakusikia vibaya. Walilitaja.

Siku hizi nasikiliza muziki kwa bando kama nyinyi, na orodha ya nyimbo hupangwa na mashine ambayo haijui Isinya iko wapi. Siilaumu, inanipa raha. Ila kila nikipita kwa mjomba hutazama kile kidude paani. Nilishamwambia akishushe.

"Kiache," alisema. "Hakili chochote."