Mwanga Uleule, Picha Baada ya Picha

Katika safari yake ya mwaka 1903 na 1904, Mjerumani Carl Georg Schillings alikesha na simba wa nyika za Umasai na mto Pangani bila kuwa karibu nao. Alimfunga punda au ng'ombe mahali ambapo simba walipita, akazitega kamera zake, akanyoosha uzi, kisha akaondoka. Mnyama akiugusa uzi, shata ilifunguka na papo hapo unga ukalipuka kwa mwanga mkali. Unga huo ulikuwa uvumbuzi wa Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, uliotolewa Ujerumani mwaka 1887: magnesiamu iliyochanganywa na klorati ya potasiamu. Ulikuwa na hatari ya kweli. Waliouchanganya vibaya waliungua.

Kitabu cha Schillings cha mwaka 1905 kiliwaonyesha Wazungu simba wa usiku kwa namna ambayo hawakuwa wamepata kuwaona. Lakini kwa anayepiga picha, jambo kubwa katika habari ile ni lile ambalo Schillings hakuwa nalo: hakuwa na namna ya kuujua mwanga wake kabla haujawaka, wala kuupata tena uleule kesho yake. Unga ulipimwa kwa mkono, na unyevu wa usiku uliweza kuuharibu. Simba hakuwa na ahadi ya kusimama umbali uliokadiriwa, na hapo ndipo penye ugumu wote wa flashi tangu enzi hizo. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia mnyama hubaki robo tu. Hatua chache za simba zilitosha kuigeuza picha nzuri kuwa weupe mtupu au giza. Na matokeo yake hayakuonekana mpaka sahani za kioo zisafishwe kwa dawa.

Balbu za flashi, zilizoenea kuanzia mwaka 1930, ziliondoa moshi na hatari ya moto. Kila balbu ilitoa mwanga uliojulikana, ila iliwaka mara moja ikatupwa. Katika miaka hiyohiyo ya 1930, Harold Edgerton wa chuo cha MIT huko Marekani aliendeleza taa ya umeme ya gesi ya zenoni, inayowaka kwa muda mfupi mno na kurudia maelfu ya mara. Flashi za leo ni watoto wa taa ile. Mwanga wake ni wa haraka kuliko shata, ndiyo maana kubadili mwendo wa shata kwa kawaida hakuongezi wala hakupunguzi kazi ya flashi yenyewe. Kinachoamua ni tundu la lenzi, ISO (wepesi wa filamu au kihisi kupokea mwanga), umbali na nguvu ya flashi.

Mwaka 1975 kamera ya Olympus OM-2 ilileta jambo ambalo wazee wa fani hii bado wanalisifu, na nadhani wana haki. Iliupima mwanga uliorudi kutoka kwenye filamu yenyewe wakati picha ikipigwa, na ulipotosha ikaizima flashi. Kamera za dijitali zilipokuja zikaikosa njia hiyo, kwa kuwa kihisi hakirudishi mwanga kama filamu. Zikafuata nyingine: flashi inatoa mwako mdogo kwanza, kamera inaupima, inapiga hesabu, ndipo mwako wenyewe unawaka. Yote hayo hutokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ingawa wapo watu wanaofumba macho kwa mwako wa kwanza.

Kusini mwa Mikumi, katika misitu ya milima ya Udzungwa huko Tanzania, kazi kama ile ya Schillings iliendelea bila uzi. Kamera za kutega hufyatuliwa na joto na mwendo wa mnyama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kamera za namna hiyo zilimpata kanu wa Lowe, ambaye tangu 1932 sayansi ilimjua kwa ngozi moja tu. Mwaka 2005, katika msitu wa Ndundulu, zilimpata sengi mkubwa mwenye uso wa kijivu. Francesco Rovero, Galen Rathbun na wenzao walimtangaza mwaka 2008 kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis. Rangi ya uso ndiyo iliyowashtua, na rangi ni kitu cha kwanza kupotea mwanga ukizidi.

Kaskazini mwa milima hiyo, katika vijiji vya Kilosa kama Zombo, flashi hufanya kazi zaidi kwenye harusi, na huko ndiko hesabu ya kamera inapopotoka. Kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Gauni jeupe likijaza picha, inapunguza mwanga na nyuso zinafifia gizani. Suti nyeusi ikijaza, inauongeza na nyuso zinapauka. Picha mbili za ukumbi mmoja, dakika moja, zinatofautiana kabisa. Mpiga picha anayeijua flashi yake anaiondoa kwenye otomatiki. Anachagua nguvu, kwa mfano robo, anaweka tundu la lenzi na ISO, anapiga picha moja ya majaribio, anaangalia usoni kwenye skrini na kurekebisha. Kisha analinda umbali: wageni wakija kupiga picha na maharusi mmoja mmoja, anawasimamisha palepale. Akisogea mbele, anafunga tundu. Akirudi nyuma, analifungua.