Ujenzi wa Nyumba Kiseke: Vifaa Vinavyodumu na Kupunguza Joto

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Mwananchi anayeanza ujenzi Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, kwa kawaida huuliza kwanza bei ya tofali moja. Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Tofali rahisi linaloliwa na mvua, au paa linalolazimisha feni kuzunguka mchana kutwa, huleta gharama ambazo hazimo katika makadirio ya fundi.

Mwanza imejaliwa mawe ya itale, yaleyale yanayoonekana katika Mwamba wa Bismarck ndani ya Ziwa Victoria. Jiwe hilo halihitaji tanuri na halinyonyi maji kwa urahisi, hivyo linafaa sana kwa msingi. Tahadhari ni moja: nyumba iliyokaa upande mmoja juu ya mwamba na mwingine juu ya udongo huweza kupasuka, kwa kuwa udongo hutitia na mwamba hautitii. Katika viwanja vya mteremko, msingi ushushwe hadi ardhi ngumu pande zote na ufungwe kwa mkanda wa zege lenye nondo.

Kwa upande wa kuta, matofali ya kuchoma yametumika Kanda ya Ziwa kwa muda mrefu. Yakiiva hudumu, ila tanuri hula kuni nyingi na matofali ya pembezoni mara nyingi hubaki mabichi. Tofali lililoiva hutoa mlio mkali likigongwa na jingine, wala halimeguki likilowekwa majini usiku kucha. Tofali la saruji halichomwi, lakini saruji yenyewe hutokana na mawe yaliyookwa kiwandani kwa joto la takribani nyuzi 1,450 za Selsiasi. Kadiri saruji inavyopungua katika ukuta, ndivyo nishati iliyotumika inavyopungua.

Hapo ndipo penye nafasi ya tofali la udongo-saruji linalofungamana, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA), ulioanzishwa mwaka 2001, umelihamasisha pamoja na mashine za kulishindilia. Kwa kawaida huchanganywa sehemu 1 ya saruji kwa takribani sehemu 10 za udongo, na kwa kuwa matofali hushikana yenyewe, saruji ya kujengea hupungua sana. Si kila udongo unafaa. Mfinyanzi mtupu hupasuka ukikauka. Kipimo cha awali ni rahisi: weka udongo na maji katika chupa angavu, tikisa, kisha acha hadi kesho yake. Mchanga hutua chini na mfinyanzi juu. Tabaka la mchanga likiwa dogo, uongezwe mchanga. Matofali yote yenye saruji yawekwe kivulini na kumwagiliwa maji kwa siku zisizopungua 7, jambo ambalo wauzaji wenye haraka hawalipendi.

Mchanga wa ziwani hauna chumvi kama wa baharini, lakini huweza kuwa na tope. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hivyo mchanga usichotwe huko.

Tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu, likabomoa nyumba nyingi na kusikika hadi Mwanza. Kwa sababu hiyo lenta isiishie juu ya milango na madirisha tu, bali izunguke nyumba nzima bila kukatika. Nondo zipimwe kwa mizani: nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Iliyo nyepesi sana imepunguzwa unene.

Joto la ndani Mwanza hutoka zaidi juu kuliko kwenye kuta, kwa kuwa jua la karibu na Ikweta hupita utosini. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, ingawa namba yake ni ndogo. Rangi nyeupe au nyingine ya kung'aa hurudisha joto. Rangi nzito hulifyonza. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini. Aliyekwisha kuezeka kwa bati la rangi nzito anaweza kuanza na dari na matundu ya hewa juu yake, kisha kupaka bati rangi nyeupe inayofaa chuma.