Isale la Masama: Jani la Mpakani Lililoingia Sebuleni



Siku hizi vyombo vya bibi harusi vimeongezeka kimoja. Baada ya kitanda, kabati, mazulia na masufuria, kuna mti wa kuweka ndani, pembeni ya kochi. Tunapoununua tunadhani tunanunua fasheni ya Ulaya, na bei yake inatufanya tuamini hivyo. Historia inasema vingine. Mmoja wa miti hiyo unaota nje kwa watu huko Masama, na hakuna anayeununua.

Masama iko wilaya ya Hai, kwenye mteremko wa kusini-magharibi wa Mlima Kilimanjaro, jirani na Machame. Huko nyumba haitenganishwi na kihamba, yaani shamba linaloizunguka. Juu kuna miti mirefu, chini yake migomba, kisha mibuni, na chini kabisa magimbi na mboga. Maji huja kwa mfongo, mfereji uliochimbwa kwa mikono, na watu huyatumia kwa zamu. Akina mama hubeba majani ya ng'ombe wa zizini, na samadi yake hurudi kwenye migomba. Watafiti waliochunguza vihamba na kuchapisha kazi yao mwaka 1984 walikuta zaidi ya aina 100 za mimea.

Pembezoni mwa kihamba husimama isale, mti wa majani marefu ya kijani. Wataalamu wanauita Dracaena fragrans. Kwa Wachaga isale ni mpaka: palipo na masale, hapo ndipo shamba la mtu linapoishia. Ni ishara ya amani pia. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba msamaha, na ni vigumu mtu kulikataa jani hilo.

Mti huu uliingiaje sebuleni? Wazungu waliufahamu tangu karne ya 18, lakini kusafirisha mmea hai kwa meli kulikuwa kazi ngumu; chumvi ya bahari na ukame viliua mingi njiani. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aliona jimbi likiota ndani ya chupa iliyofungwa. Akabuni sanduku la kioo, na mwaka 1833 masanduku yake yakafika Australia na mimea ikiwa hai. Tangu hapo mimea ya nchi za joto ilisafiri kwa wingi, ikawa pambo la vyumba vya Ulaya.

Pwani na visiwa vyetu navyo vilichangia. Mwaka 1882 ua moja lililopelekwa Uingereza kutoka Zanzibar na balozi John Kirk lilipewa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alimpelekea baba yake kiua cha zambarau kutoka Usambara. Leo kiua hicho, Saintpaulia, kinakaa kwenye madirisha ya dunia nzima. Na ule mti wa majani manene yanayong'aa, ambao wauzaji wa nje wanauita johari ya Zanzibar, ni wa Afrika Mashariki; Waholanzi walianza kuuzalisha kwa biashara kubwa miaka ya 1990. Vitu vyetu vilitoka bure, vikaturudia na bei.

Bibi zetu visiwani hawakusubiri Ulaya. Mrehani ulikuwa kwenye chungu uani, na asumini karibu na mlango, tayari kwa kikuba cha bibi harusi. Kwa hiyo vifaa vya kuanzia mnavyo. Tafuteni kopo la rangi lililooshwa vizuri au chungu cha udongo, mtoboe matundu chini na kuweka sahani ya kukinga maji. Ongezeni kisu kikali, kijiko kikubwa cha kuchotea udongo, na kopo la kumwagilia. Udongo uwe mweusi, uchanganywe na mchanga kidogo na samadi iliyooza kabisa; samadi mbichi huunguza mizizi na kunukisha chumba.

Isale hupandwa kwa kipande cha shina, urefu wa shubiri moja hivi. Kiacheni siku moja kikauke kwenye mkato, kisha kichomekeni kwenye mchanga wenye unyevu, upande uliokuwa juu ubaki juu. Subirini wiki kadhaa kichipue. Wekeni karibu na dirisha, lakini si juani. Kabla ya kumwagilia, ingizeni kidole kwenye udongo. Kama kina cha pingili mbili bado kina unyevu, acheni. Isale nyingi za ndani hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Ncha zikigeuka kahawia, huenda maji yenu yana chumvi. Jaribuni maji ya mvua. Na mwenye paka awe mwangalifu, maana majani haya humdhuru akiyala.

Msidanganywe kwamba mti mmoja unasafisha hewa ya nyumba. Majaribio maarufu ya 1989 yalifanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa. Uchambuzi wa 2019 ulionyesha kuwa nyumba ya kawaida ingehitaji msitu. Fungueni madirisha.

Limebaki jambo la dini, nalo ni zito kwa bibi harusi wa Kiislamu anayetoka mlimani. Zamani masale yaliandamana pia na matambiko, na wapo wanaouliza kama ni halali kuyaweka ndani. Sisi tunatenganisha mambo mawili. Kuamini kwamba jani lina nguvu ya kulinda au kuleta heri ni kumshirikisha Mwenyezi Mungu, na hilo halina mjadala. Kupanda mti ni jambo jengine: Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda, kisha akala ndege, mtu au mnyama, kwake ni sadaka. Mwenye wasiwasi amuulize sheikh wake, asiutupe urithi wa bibi yake kwa kusikia tu.

Na ile maana ya msamaha tunaweza kubaki nayo. Surat An-Nisaa, aya ya 128, inazungumza na mume na mke na kutufundisha kuwa suluhu ni bora. Jani halisamehe. Anayesamehe ni Mwenyezi Mungu, kisha yule tuliyemkosea. Lakini siku mtakapokoseana kwa maneno, na sote tunakoseana, huenda isale pale pembeni likawakumbusha kwamba huko Masama mkubwa ni yule anayetangulia kulichuma.