Chapa na Michoro Kongwe ya Waholanzi: Jinsi Inavyokusanywa, Inavyoorodheshwa na Kwa Nini Orodha Ina Thamani

Katika karne ya 16 na 17, miji ya Uholanzi ilitoa picha za karatasi kwa wingi. Amsterdam, Haarlem na Leiden ilikuwa na wachongaji, wachapaji na wauzaji waliosambaza nakala za sura za watu, mandhari, visa vya Biblia, ramani na miji ya mbali, ikiwemo ya mwambao wetu. Maelfu ya karatasi hizo bado zipo hadi leo. Nyingine hazigharimu sana, nyingine huuzwa kwa bei ya jumba.

Linalotenganisha karatasi hizo mbili mara nyingi si uzuri wa picha. Ni habari: nani alichora, lini ilichapwa, ilipita mikononi mwa nani. Habari hizo ndizo zinazokusanywa kwenye orodha, na makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa.

Chapa si mchoro

Mchoro ni karatasi moja tu, iliyoguswa na mkono wa msanii kwa kalamu, chaki au brashi. Chapa hutoka kwenye bamba, kwa hivyo nakala zake zaweza kuwa mamia. Aina zinazokutwa zaidi ni nne.

*Chapa ya ubao.* Mchongaji huondoa mbao na kuacha mistari imeinuka, kisha wino hupakwa juu ya mistari hiyo.

*Chapa ya kuchonga.* Mistari huchimbwa kwenye bamba la shaba kwa chuma chenye ncha kali. Wino huingia kwenye mifereji, uso wa bamba hufutwa, kisha karatasi iliyoloweshwa hukandamizwa kwa mashine. Hendrick Goltzius wa Haarlem (1558–1617) alisifika Ulaya nzima kwa kazi hii.

*Chapa ya tindikali.* Bamba hupakwa nta, msanii huchora juu yake kwa sindano, na tindikali hula shaba pale nta ilipokwaruzwa. Rembrandt (1606–1669) alitengeneza karibu chapa 300 kwa njia hii.

*Chapa ya sindano kavu.* Shaba hukwaruzwa moja kwa moja bila tindikali. Mkwaruzo huacha chembe za shaba pembeni zinazoshika wino na kutoa mstari laini wenye ukungu. Chembe hizo huisha haraka, kwa hivyo nakala za mwanzo ndizo zinazotafutwa.

Ukitaka kujua kama karatasi ilitoka kwenye bamba la shaba, tazama kingo za picha. Bamba likikandamizwa huacha alama ya kubonyea kuzunguka picha. Tahadhari ni kwamba wakusanyaji wa zamani walikuwa na tabia ya kukata karatasi hadi ukingoni, na alama hiyo ikapotea.

Wakusanyaji wa mwanzo

Rembrandt mwenyewe alikuwa mkusanyaji. Aliposhindwa kulipa madeni mwaka 1656, maofisa wa Amsterdam waliingia nyumbani kwake na kuandika mali yake chumba kwa chumba. Orodha hiyo ina vipengele 363, vikiwemo vitabu vilivyojaa chapa na michoro ya wasanii wengine, mmojawapo Lucas van Leyden. Iliandikwa ili wadai walipwe. Leo ni miongoni mwa nyaraka zinazotueleza vizuri zaidi msanii huyo alitazama nini na kujifunza kwa nani.

Mkusanyaji mwingine wa Amsterdam, Michiel Hinloopen (1619–1708), alipanga takriban chapa 7,000 katika vitabu 52 kwa mada, na alipofariki akauachia mji. Baadaye vitabu vilivunjwa na chapa zikachanganywa na nyingine. Mtafiti Jan van der Waals alilazimika kuujenga upya mkusanyiko huo kwa kufuata kumbukumbu zilizobaki, na akachapisha kazi yake mwaka 1988. Bila kumbukumbu hizo, chapa zingekuwepo lakini mkusanyiko usingejulikana tena.

Huko London, mchoraji Peter Lely, aliyezaliwa na wazazi Waholanzi, aliacha michoro na chapa nyingi alipofariki mwaka 1680. Wasimamizi wa mirathi walizigonga muhuri wenye herufi PL kabla ya mnada. Muhuri huo mdogo bado unaonekana kwenye karatasi zilizotawanyika katika majumba ya makumbusho ya nchi mbalimbali.

Vitabu vya orodha na namba zake

Mwaka 1751 ilichapishwa Paris orodha ya chapa zote za Rembrandt zilizojulikana. Iliandaliwa na mfanyabiashara wa sanaa Edme-François Gersaint, ambaye hakuishi kuiona ikitoka. Alitaka mnunuzi ajue anachonunua, na atambue anapouziwa kitu kingine.

Adam Bartsch wa Vienna aliifanyia marekebisho kazi hiyo mwaka 1797, kisha kati ya 1803 na 1821 akatoa juzuu 21 kuhusu wachoraji waliochonga chapa zao wenyewe. Namba zake zinatumika hadi leo. Ukiona kwenye tangazo la mnada "B. 74" pembeni mwa jina la Rembrandt, ujue ni ile maarufu kama Chapa ya Gilda Mia, inayomwonyesha Yesu akiponya wagonjwa.

Mwaka 1949 mfanyabiashara wa sanaa F. W. H. Hollstein alianza kutoa orodha ya chapa za Uholanzi na Flanders kuanzia mwaka 1450 hivi hadi 1700, msanii kwa msanii kwa mpangilio wa alfabeti. Kazi ilimzidi umri. Wengine waliiendeleza hadi ikapita juzuu 70, na toleo jipya lilianza mwaka 1993.

Frits Lugt na mihuri

Katika fani hii, jina la Frits Lugt halikosi kutajwa. Alizaliwa Amsterdam mwaka 1884, na tangu utotoni alikuwa akiandika orodha ya mkusanyiko wake mdogo, akiuita jumba la makumbusho kwa jina lake. Akiwa bado kijana aliajiriwa na nyumba ya mnada ya Frederik Muller, na huko maelfu ya karatasi yakapita mikononi mwake.

Mwaka 1921 alichapisha kitabu cha mihuri na saini za wakusanyaji, na mwaka 1956 akaongeza juzuu la pili. Kila alama ina namba, na namba hiyo hutanguliwa na herufi L. Muhuri wa Peter Lely ni L. 2092. Mtu akikuta alama asiyoijua nyuma ya karatasi, hutafuta umbo lake na kupata jina la mwenye mali, miaka aliyoishi na jinsi mkusanyiko wake ulivyouzwa. Siku hizi kazi hiyo inapatikana bure kwenye intaneti, na inaendelea kuongezwa na taasisi ya Fondation Custodia ya Paris, ambayo Lugt na mkewe waliianzisha mwaka 1947.

Kusoma karatasi yenyewe

Chini ya chapa nyingi kuna maneno mafupi ya Kilatini. *Inv.* ni aliyebuni picha. *Pinx.* ni aliyeichora kwa rangi, na *del.* ni aliyechora kwa mkono. *Sculp.* au *sc.* ni aliyechonga bamba. *Fecit* ni aliyetengeneza. *Exc.* au *excudit* ni mchapishaji aliyeitoa. Kwa hivyo jina kubwa chini ya picha laweza kuwa la muuzaji tu.

Pili ni hatua ya bamba. Msanii angeweza kuchapa nakala kadhaa, akabadilisha bamba, kisha akachapa tena. Katika Misalaba Mitatu ya mwaka 1653, Rembrandt alikwangua bamba na kubadilisha sehemu kubwa ya watu waliomo, picha ikawa ya giza kuliko mwanzo. Orodha nzuri hutaja hatua gani iliyopo mbele yako.

Tatu ni alama ya maji. Karatasi ya enzi hizo ilitengenezwa kwa mkono juu ya wavu wa waya. Ukiishika mbele ya mwanga utaona mistari ya waya, na pengine umbo la kiwanda: kichwa cha mchekeshaji mwenye kofia ya pembe, au nembo ya mji wa Amsterdam. Alama hizo husaidia kukadiria ni lini nakala ilichapwa.

Hili la tarehe ndilo linalowaponza wanunuzi. Mabamba ya Rembrandt takriban 80 yamesalia, na yaliendelea kutoa nakala muda mrefu baada ya kifo chake. Lile la Gilda Mia liliangukia mikononi mwa Kapteni William Baillie, aliyelichonga upya, akatoa nakala mwaka 1775, kisha akalikata vipande 4. Nakala ya Baillie imetoka kwenye bamba halisi, lakini si kazi ya mikono ya Rembrandt pekee.

Orodha inapogeuka ushahidi

Franz Koenigs, mwenye benki kutoka Ujerumani aliyeishi Haarlem, alikusanya zaidi ya michoro 2,600 ya mabingwa wa Ulaya. Kuanzia mwaka 1935 mkusanyiko uliwekwa kwenye jumba la makumbusho la Boijmans, Rotterdam, na mwaka 1940 ukanunuliwa na tajiri D. G. van Beuningen. Wakati wa uvamizi wa Ujerumani, Hans Posse, aliyekuwa akimnunulia Hitler kazi za sanaa, alichagua zaidi ya 500 na kuzipeleka Ujerumani. Vita vilipokwisha, nyingi zilichukuliwa na Wasovieti.

Mwaka 1987 Ujerumani Mashariki ilirudisha michoro 33. Mwaka 1989 Uholanzi ilitoa katalogi ya iliyopotea, karatasi moja moja, pamoja na picha zake. Jumba la Pushkin la Moscow lilipoonyesha zaidi ya 300 kati ya hiyo mwaka 1995, hakuna aliyeweza kudai kwamba ilitoka kwingine. Mwaka 2004 Ukraine ilirudisha zaidi ya 130. Ile ya Moscow haijarudi. Hata hivyo, kila karatasi inajulikana kwa jina, kipimo na muhuri, na dai la Uholanzi linasimama juu ya msingi huo.

Mwambao wetu katika chapa hizo

Mwaka 1572, huko Cologne, Georg Braun na mchongaji Frans Hogenberg wa Mechelen walitoa juzuu la kwanza la kitabu chao cha miji ya dunia. Ukurasa mmoja una Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Mombasa hiyo haina Fort Jesus, kwani ngome ilianza kujengwa mwaka 1593. Kitabu kilitolewa kwa Kilatini, Kijerumani na Kifaransa, kwa hivyo lugha iliyo nyuma ya karatasi huonyesha ilitoka toleo lipi.

Jan Huygen van Linschoten alipita Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1583, na kitabu chake cha safari, kilichotoka Amsterdam mwaka 1596, kina chapa ya kisiwa hicho. Kwa upande wake, Olfert Dapper alitoa Amsterdam kitabu kikubwa kuhusu Afrika mwaka 1668 bila kukanyaga bara hili. Picha zake zisomwe kama ushahidi wa walichoamini Wazungu, si lazima walichokiona.

Kurasa za vitabu hivi hukatwa na kuuzwa moja moja. Anayenunua picha ya Mombasa ya kale aulize imetoka kitabu gani, toleo lipi, na kama rangi zilipakwa zamani au juzi.

Ukiwa na karatasi kongwe nyumbani

Kanuni hizi zafaa kwa chapa, ramani, barua na hata hati za wazee wetu.

1. Nawa mikono na kuikausha. Usitumie gundi wala utepe wa kubandika.
2. Pima kwa milimita, urefu wa kwenda juu kwanza, kisha upana.
3. Nakili kila neno lililoandikwa, mbele na nyuma, kama lilivyo.
4. Piga picha pande zote mbili, ukijumuisha mihuri na alama ya maji.
5. Andika uliipata wapi, lini, kwa nani, na risiti ikiwepo iweke pamoja na maelezo hayo.
6. Taja kasoro zote: mikunjo, madoa, matundu ya wadudu.
7. Ihifadhi ikiwa imelala ndani ya karatasi isiyo na asidi, mbali na jua na unyevu. Hewa ya bahari ni adui wa karatasi.
8. Weka nakala ya orodha nje ya nyumba ile ile.

Jambo la mwisho wengi hulisahau. Moto, mafuriko au mwizi akichukua karatasi pamoja na orodha yake, mwenye mali hubaki na maneno matupu mbele ya polisi na mahakama.